Mama Rubani na Kaburi la Mtu Mrefu

Ndege ikipita, Mama Rubani alisimama. Awe anapepeta mtama, awe na tonge mkononi, awe katikati ya kumfokea mtu, akiusikia ule mlio tu ananyanyuka, anafuta mikono kwenye khanga, anatazama juu mpaka ndege imalize kupita. Na anaisalimia. Asubuhi anaiambia "Mwangaluka", jua likishageuka anaiambia "Mwadila", kama tunavyomsalimia kwa Kisukuma mpita njia yeyote. Kisha anakaa, anaendelea kukufokea pale pale alipoachia. Ndege zenyewe ni vile vidogo vya mgodini, vinavyoleta wakubwa na kurudisha wakubwa, lakini kwake zote zilikuwa za kusimamiwa. Wageni walicheka. Sisi majirani tulishaacha kucheka zamani.

Mimi ni mtu wa Samuye. Niliolewa huku upande wa Masumbwe nikiwa msichana wa kuogopa hata kuku wa wenyewe, na mji uliopakana na wetu ulikuwa wake. Kwa hiyo simsimulii kwa kusikia. Nimekopa chumvi kwake, nimegombana naye kwa ajili ya mbuzi, na Kulwa na Doto wangu waliangukia mikononi mwake siku mkunga alipochelewa. Jina lake la ubatizo nalijua, ila silisemi. Tumemzika juzijuzi mvua zilipoanza, na nikilisema atafufuka anifokee.

Alitaka aitwe Mama Rubani, basi. Mwanawe wa kwanza alikwenda jeshini, akachaguliwa kusomea urubani, na wakati wa vita vya Kagera akawa anafundishwa ndege za kudondosha mabomu. Alikuwa kijana mbichi kabisa. Zoezi lenyewe lilikuwa kushuka chini juu ya ziwa, kudondosha, kisha kupaa tena. Siku hiyo ndege ilishuka, haikupaa. Waliokuwamo hawakuonekana, si yeye wala mwalimu wake, wala hata kiatu.

Sasa huku kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto akifa, watu kwa huruma wanahamia kwa yule anayefuata, ili wasimtoneshe mtu kidonda kila wakimsalimu. Wakaanza kumwita Mama Minza, kwa binti yake. Weee! "Mama Minza, habari za kwako?" Anapita. "Mama Minza!" Anageuka kutazama nyuma, kama vile kuna mwanamke mwingine anaitwa. Mwisho wakachoka wao. Minza mwenyewe lilimuuma, sifichi. Siku moja alikuja kutoka Shinyanga kwa mumewe, akamwuliza mama yake mbele yangu, "Na mimi je, mama, sikuzaliwa?" Mama Rubani akanyanyuka. Alikwenda kumkamatia jogoo wake mkubwa kuliko wote, akamfunga miguu, akamwekea mapajani. Kuomba radhi kwa maneno hakukuwa kazi yake.

Nami nilipozoea nikajaribu kumtania. Nikamwambia, "Lakini mama, si unasema hakuwa amemaliza masomo? Basi hakuwa rubani bado."

Akaniangalia tumbo, maana nilikuwa nimebeba wale pacha. "Wewe tunakuitaje?"

"Mnaniita mama."

"Umeshazaa?"

"Bado."

"Haya. Niache na rubani wangu."

Huo ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akiutetea, kama ni uongo. Vinginevyo alikuwa mtu wa kukera kwa ukweli. Ukimuuliza kama mboga yako ni tamu anakuambia. Padri akihubiri sana anasinzia, akizinduka anasema "Amina!" kwa sauti kubwa mahali pasipo na amina, na akiulizwa hasemi alikuwa anasali, anasema alikuwa amelala, na kwamba padri angefupisha. Alikuwa anauza michembe pale gulioni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na wachimbaji walikuwa wanamjia na vumbi lao la maduarani, kule kwenye mashimo yao ya dhahabu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Nawa kwanza." Bei hakupunguza hata umlilie. Ila ukimsalimia vizuri, ukimwuliza habari za mguu wake, anakuongezea konzi, na asiyesalimia anarudi na michembe yake pungufu na maneno juu.

Basi kulikuwa na diwani mmoja, Mungu amsamehe, alisimama kwenye mkutano akasema kata yetu imetoa shujaa aliyempiga adui kwa mabomu mpaka adui akatupa bunduki akakimbia. Watu wakapiga makofi. Mama Rubani akanyanyuka kutoka kwenye mikeka ya akina mama.

"Mheshimiwa, samahani. Huyo unayemsema ni wa nani?"

"Ni wa kwako, mama yetu!"

"Wa kwangu hakumpiga mtu. Wa kwangu alikuwa anajifunza. Alifia darasani, kama vile wa kwako angeangukiwa na ukuta wa shule. Huyo mwingine sijamzaa mimi."

Akakaa. Diwani akacheka kidogo, akahamia habari za kisima. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia, mama, kwani ungenyamaza ungepungukiwa nini? Watu walishapiga makofi. Akasema, "Wakimvika sifa za mtu mwingine, wa kwangu atakuwa wapi?"

Na akimsimulia mwanawe yeye mwenyewe, hakumpamba. Alisema alikuwa mvivu wa kuchunga. Ng'ombe wanaingia kwenye mtama wa watu, yeye kalala chali anawatazama mwewe. "Nilimchapa kwa kutazama juu," aliniambia siku moja tunachambua choroko, "nikamchapa sana, na juu ndiko walikokuja kumwitia." Kisha akaniambia nichambue vizuri, nimeacha mawe. Yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa mahali pa juu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Hata kwenye kigoda hakupanda. Kitu kikiwa darini, anaita mtoto wa jirani. Nikimcheka anasema mwanawe alishapanda kwa niaba ya wote wawili.

Samaki wa ziwani hakula. Hilo nililijua kwa njia mbaya. Mwaka nilioolewa mume wangu alikuwa na biashara zake Buseresere, akarudi na sato wakubwa wa kukaushwa, nami bibi harusi nikataka kumpendeza jirani. Nikampelekea mmoja, nimempanga kwenye ungo vizuri. Alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru. "Wabeja, mwanangu." Akamwosha, akampika na karanga, akanitengea na ugali, akakaa pembeni ananitazama nikila, huku ananiuliza habari za mama yangu Samuye. Yeye hakugusa. Nikadhani anafunga. Niliporudi nyumbani Baba Kulwa akashika kichwa: "Umempelekea samaki wa lile ziwa?" Nilitaka ardhi ipasuke. Kesho yake nikaenda kumwomba radhi, akaniambia, "Ulikuwa na njaa au hukuwa na njaa?" Nikasema nilikuwa nayo. "Basi samaki amefanya kazi yake." Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Habari ya kaburi nilisimuliwa na Baba Kulwa, maana yeye alikuwa rika la Rubani na walichunga pamoja. Walikuja wanajeshi wawili na begi. Begi tu, lenye nguo zake za kiraia. Wazee wakakaa, wakasema bila mwili hakuna kaburi; isomwe misa, watu wanyoe, matanga yaanuliwe, basi. Mama Rubani akasema atazika. Wakaona wasigombane na mfiwa, wakawatuma vijana wachimbe shimo la kutosha begi. Ardhi ilikuwa kavu, ile ya kiangazi, kila jembe likipiga linadunda. Wakachimba la kufika magotini, wakapumzika. Akaja, akachungulia.

"Mnazika kuku?"

"Mama, si ni begi tu."

"Nani kawaambia nazika begi? Mmechunga naye nyinyi. Ana urefu gani?"

Baba Kulwa akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, maana Rubani aliwapita wote.

"Haya. Chimbeni huo."

Walichimba mpaka jua linazama, mikono imetoka malengelenge, na yeye amesimama juu yao. Walipomaliza akaingiza begi lile, akaweka na fimbo yake ya kuchungia, halafu akatandika shuka lake la kuchungia toka mwanzo wa kaburi mpaka mwisho. Ndipo akaruhusu wafukie. Juu wakapanga mawe, na kila siku ya marehemu wote aliyapaka chokaa. Wapo waliomcheka chinichini. Aso mwana aeleke jiwe, walisema. Alisikia yote, maana masikio yake yalikuwa makali, akaendelea kupaka chokaa yake.

Sasa ndio nifike penyewe. Mgodi ulitaka kupanuka, na sisi wote wa kitongoji chetu tukaambiwa tutahamishwa. Walikuja kupima nyumba, miti na makaburi. Huku kwetu neno tegesha linajulikana na kila mtoto: ukisikia mgodi unakuja, unasimamisha kibanda na kusimika mipapai chapuchapu ili ulipwe fidia. Wapo waliofikia kupanga mawe shambani na kulia, hapa kalala babu. Kwa hiyo wapimaji walikuwa wameshaumwa na nyoka, wakiona ung'ong'o wanaruka.

Aliyekuja kwetu alikuwa kijana mpole, mtu wa mbali, Kiswahili chake kimenyooka. Alimwamkia vizuri. Akauliza hapa amelala nani, akaambiwa ni mwanangu wa kwanza. Akauliza habari ya kifo, akaambiwa yote, ndege, ziwa, na mwalimu wake.

"Pole sana, bibi. Kwa hiyo mabaki yake ndiyo yaliyomo humu."

Tukakohoa wote. Mimi nilimvuta khanga. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo.

"Hayamo," alisema Mama Rubani. "Yeye yuko ziwani."

Kalamu ya yule kijana ikasimama. Akatazama yale mawe, akamtazama bibi. "Bibi, kwa utaratibu wetu kaburi ni mabaki. Kama hayamo, inabidi niandike mawe." Na tulijua mawe maana yake nini. Makaburi yangehamishwa kwa heshima, na padri, na nguo nyeupe. Mawe yangepitiwa na katapila.

Jioni ile ukoo mzima na majirani tulijaa uani kwake. Sema ulichanganyikiwa, uzee huo. Sema mwili ulikuja baadaye. Nani atabisha? Nami nikasema, sijifichi, nikamwambia, "Mama, 'yumo', neno moja tu. Nani atajua?"

"Yeye," akasema. "Miaka yote nawakatalia watu kumsemea uongo, leo nianze mimi mamaye?"

Bibi mmoja akanong'ona yale yale ya kueleka jiwe. Mama Rubani akageuka. "Nimelieleka. Je, nilikuomba unipokee?" Hapo tukatawanyika. Lakini nilirudi kuchukua kata yangu, nikamkuta amekaa juu ya kinu analia, kamasi mpaka mdomoni, kama mtoto. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilikaa naye nikalia na mimi, kwa sababu nilijua hatabadili neno, na nilijua katapila halina huruma.

Asubuhi alikwenda kwa yule kijana, mwenyewe, na mguu wake mbovu. "Baba," alimwambia, "chimbeni. Mkikuta shimo la kuku, andika mawe, tena andika nimetegesha, na nitaondoka kimya." Kijana alisitasita, akapiga simu, akarudi akasema haya.

Wakaja vijana wa maduarani na sururu zao. Watu wale wanaijua ardhi. Waliondoa mawe, wakachimba pole pole, na tukaanza kuona sote. Udongo uliofukiwa ulikuwa laini, umechanganyika mwekundu na mweusi, unachoteka. Pembeni ardhi ilibaki ngumu, imesimama wima. Hawakuwa na haja ya kupima. Waliufuata ule ulaini tu, na ulaini ukaendelea, ukaendelea, shimo likarefuka mpaka mmoja akasema, "Duh! Huyu bibi kazika jitu." Fimbo mchwa walishakula, shuka lilishakuwa udongo. Chini kabisa wakapata zipu ya begi, imeshika kutu ya kijani.

Baba Kulwa aliomba ashuke. Mzee mzima, wakamshika mikono. Akapapasa ukuta wa lile kaburi kwa kiganja, akapapasa tena, halafu akaita, "Njooni muone. Hili ni jembe langu. Lilikuwa na pengo katikati." Na kweli, kwenye ule udongo mgumu, kila pigo la jembe lilikuwa limeacha mstari mmoja umesimama katikati, vile vile kama lilivyopigwa siku ile. Mume wangu nimeishi naye miaka yote hiyo, sijawahi kumwona analia mbele za watu isipokuwa hapo.

Yule kijana mpimaji alichuchumaa ukingoni. Kisha akasema, "Bibi, alikuwa mrefu."

"Mrefu sana, baba."

"Hili ni kaburi," akasema, na akaandika hivyo.

Kazi haikuishia hapo. Walikuwa wameandaa visanduku vidogo, maana waliozikwa zamani ni mifupa, inaenea. Wakamletea kimoja. Akakikataa. "Hao wengine ni mifupa. Wa kwangu hajawahi kuwa mifupa, ana urefu wake." Ikabidi litengenezwe jeneza kamili, la mtu mrefu, wakajaza udongo wa chini ya kaburi lake na ile zipu. Lilikuwa zito ajabu. Walilibeba vijana wale wale wa maduarani kwa kupokezana, na tulipofika makaburi mapya mmoja wao, ambaye baba yake alifukiwa shimoni na hakutolewa, alimsogelea Mama Rubani akaanza kuuliza kitu, kikamshinda. Akabaki anajifuta jasho.

Yeye akamwuliza, "Baba yako alikuwa na urefu gani?"

Kijana akainua mkono, usawa wa sikio lake.

"Basi," alisema Mama Rubani, "jembe si unalo." Na ukienda leo kwenye makaburi yale utayaona, ya watu wa maduarani, yamepangwa karibu na la Rubani, kila moja na urefu wake, na watu wake huja kuyapalilia.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kwenye nyumba mpya waliyomjengea, ya bati na sakafu ya saruji. Hakuipenda. Alisema ina kelele mvua ikinyesha na imemnyima udongo wa kukanyaga. Miguu ilikuwa imekataa kabisa, anawekwa kwenye kiti barazani asubuhi na kutolewa jioni. Nilimpelekea uji wa ulezi, akauonja, akasema sukari imezidi. Nikajua hajambo bado. Tulikuwa tunamsengenya mkwe wangu, mke wa Doto, vizuri kabisa, mara akaweka kikombe chini. Mimi nikasikia baadaye, kwa mbali, kindege cha mgodini kinatokea upande wa ziwa.

Akashika mikono ya kiti. Akajaribu kusimama, akajaribu tena. Nikanyanyuka nimshike, akanipiga kofi la mkono.

"Mama Kulwa," akasema, "nisimamie."

Nikafuta mikono kwenye khanga. Nikasimama pale barazani, nikatazama juu, ndege ikapita juu ya bati letu, inang'aa. "Mwadila," nikasema. Nilijisikia aibu kidogo, mtu mzima mimi, kisha aibu ikaondoka. Ndege ikavuka mlima, ikawa nukta, ikapotea, mlio ukaisha. Nikaanza kukaa.

"Bado," alisema, amefumba macho. "Bado naisikia."

Mimi sikuwa nasikia chochote. Nikabaki nimesimama.